Meza ya mtu mmoja: kula mgahawani peke yako wakati wa Korona

"Dada, wewe ndiye uliyetuimbia mwaka mzima tukae nyumbani. Leo unaturushia picha ya sahani mgahawani, tena uko peke yako! Kwani huna watu?"

Ujumbe huo uliniingia mwaka 2021 kutoka kwa msomaji wangu wa siku nyingi, kwa hiyo nilimjibu pembeni kwa adabu. Jibu refu naliweka hapa kwa sababu najua si yeye tu. Wengine mmeiona picha mkaguna, mkapita.

Nianze na hilo la watu. Ninao, na ni hao hao walionifundisha kula peke yangu. Kabla ya janga hili tulikuwa kikundi. Kila mshahara ukitoka tunakutana mgahawa ule ule, meza ndefu iliyo karibu na jiko, tunakula hadi viti vya jirani vinapandishwa juu ya meza. Machi 11, 2020 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba Korona imekuwa janga la dunia, na haikupita muda mgahawa wetu ukafunga milango. Miezi ya kukaa ndani siwasimulii, kila mtu anayo ya kwake. Ulipofunguliwa tena nikaandika kwenye grupu: jamani twendeni, lakini tukae nje, tuachiane nafasi, na barakoa zisibaki kidevuni. Mmoja akajibu kwa vikaragosi vya kucheka. Mwingine akaandika, "Wewe na hofu zako."

Wakaenda bila kunishtua. Nilijua kwa picha, kama walivyojua watu wengine wote. Walikaa ndani, meza ile ile, vichwa vimegusana ili waenee. Niliikuza ile picha kwa vidole nikaona kiti nilichozoea kukalia: mtu amekiwekea mkoba. Kama waliugua au hawakuugua, hayo hayanihusu na wala sikuuliza. Lakini ule mkoba bado naukumbuka hadi rangi yake.

Basi nikajikaza kisabuni, nikaenda zangu Jumanne, kabla ya watu wa mchana. Mlangoni nikapimwa joto kwenye paji la uso, nikamiminiwa kitakasa mikono, kisha nikaelekezwa kwenye daftari la kuandika jina na namba ya simu. Kalamu imefungwa kwa uzi, na kila anayeingia anaishika hiyo hiyo, mara nyingi kabla kitakasa hakijamkauka. Mimi nilitoa yangu kwenye mkoba. Ndani, nusu ya viti vimebandikwa utepe mwekundu wa msalaba.

Mhudumu akanitazama macho, akashindwa kunijua hadi nilipofungua mdomo. "Ni wewe, dada! Karibu sana. Mko wangapi?"

"Niko peke yangu."

Akachungulia nyuma yangu. "Wenzako wanakuja baadaye?"

"Hawaji."

Hakuniuliza zaidi, na kwa hilo nampa heko. Akanipeleka barazani, meza ndogo ya pembeni ambayo zamani walikuwa wanaweka mitungi ya maua. Menyu ya karatasi hakuna tena. Umebandikwa msimbo kwenye meza, unauskani kwa simu, na nusu ya vyakula unavyovijua vimeandikwa havipo. Nilipoagiza nilichozoea, yeye mwenyewe akaniambia sahani ile ni ya watu wawili, angeongea na mpishi apike nusu. Miaka yote nilidhani mgahawa huo haupiki nusu. Kumbe hatukuwahi kuuliza.

Chakula kilipofika nilikinusa kwanza. Si mbwembwe, siku zile kila aliyejua kwamba ugonjwa huu unaiba harufu na ladha alinusa kwanza kabla ya kijiko. Harufu ilikuwepo, pilipili manga ilinipanda puani hadi nikatoa chozi, nikamshukuru Mungu. Kisha nikala polepole, bila kudakia hadithi ya mtu, bila kuwahi kipande cha mwisho. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, walisema wazee, na sisi kwenye ile meza ndefu tulikuwa na pupa ya maneno kuliko ya chakula. Nilikuwa nimekula sahani ile mara zisizohesabika bila kujua kwamba kuna kitu kitamu kimejificha chini kabisa ya rojo.

Sasa nije kwenye ushauri, maana najua na ninyi mlitaka kurudi kwenye migahawa yenu bila kupeleka ugonjwa nyumbani.

Mgahawa una shida moja ambayo duka au benki haina: barakoa lazima ivuliwe, huwezi kula ukiwa umeivaa. Na virusi hivi hutoka na pumzi, hutoka zaidi mtu akiongea, na zaidi tena akipaza sauti au akicheka kwa nguvu. Hebu fikiria meza ya watu wanane wenye furaha. Halafu fikiria mtu mmoja ambaye hana wa kuongea naye, mdomo umefungwa, anatafuna. Hatari haijaisha, maana wapo majirani na ipo hewa, lakini umeondoa ile sehemu kubwa iliyo usoni pako.

Hiyo hewa nayo si ya kudharau. Januari 24, 2020, familia tatu zilikula chakula cha mchana katika mgahawa mmoja mjini Guangzhou, China, meza zikiwa zimeachana kama mita moja. Ukumbi haukuwa na madirisha, na kiyoyozi kilikuwa kinazungusha hewa juu ya meza hizo tatu. Watu 10 wa familia hizo walipatikana na ugonjwa, akiwemo aliyekuja nao. Wale waliokaa nje ya mkondo wa kile kiyoyozi walisalimika, na wahudumu pia. Kwa hiyo ukifika mgahawani, usitazame tu msalaba mwekundu kwenye kiti. Tazama feni inaelekea wapi, kiyoyozi kinapuliza kwa nani, dirisha liko wazi au limefunikwa pazia. Kama hakuna meza ya nje, mwambie mhudumu akufungie chakula uondoke nacho.

Kuna mtu atasema ninawatia watu ujasiri wa bure, na ataniletea utafiti wa Marekani uliotolewa Septemba 2020, kwamba waliopimwa wakakutwa na Korona walikuwa karibu mara mbili zaidi kusema walikula mgahawani siku 14 kabla ya kuugua. Naujua. Swali walioulizwa halikutenganisha ndani na nje, wala halikusema walikaa na nani au kwa muda gani. Mimi naongelea nje, peke yako, muda mfupi. Asiyeona tofauti hapo hatatushinda wala hatutamshinda.

Kwa hiyo: nenda mapema, kabla watu hawajajaa. Kaa nje. Barakoa ivuliwe sahani ikishafika, si unapokaa tu, na uivae tena mhudumu akisogea, kwa sababu yeye anasogelea meza za watu wasio na barakoa kutwa nzima. Usiitupe mezani wala usiitundike kidevuni. Mimi natembea na bahasha ya karatasi, naikunja ndani humo. Nenda na kalamu yako. Na nimesema nenda mapema? Narudia, nenda mapema, maana ukifika saa ya msongamano utapewa meza ya katikati na utaikubali kwa njaa.

Kuhusu aibu. Najua hii ndiyo inayowazuia wengi wenu kuliko virusi, na ndiyo iliyomsukuma yule msomaji kuandika. Watu wakimwona mtu ameketi peke yake wanamtungia msiba: ameachwa, amegombana, ana deni la watu. Waache watunge. Sweden, Mei 2020, walifungua mgahawa wenye meza moja na kiti kimoja katikati ya uwanja wa majani, mteja mmoja kwa siku, chakula kinamfuata ndani ya kikapu kinachoteleza kwenye kamba kutoka dirisha la jikoni. Wateja walikaa wenyewe na anga, na hakuna aliyewaonea huruma. Mimi nina baraza na mhudumu anayenijua kwa sauti, nimekosa nini?

Nimeshaambiwa pia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Sawa. Sikwenda kuvunja chawa, nilikwenda kula.

Na nitawaambia jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Mtu asiyeweza kukaa na sahani yake bila kuzungukwa na kelele za wenzake hakuwa akipenda mgahawa ule, alikuwa akipenda kuonekana pale. Janga hili limetuchuja. Wapo waliosema "tunaupenda mgahawa wetu", lakini ulipohitaji wateja wa kukaa mbalimbali na kufuata masharti, wakaona masharti ni usumbufu. Wapo pia waliojitapa kwamba hawaogopi, huku nyumbani wanaishi na mama mwenye kisukari. Chanjo zilikuwa zimeanza kutolewa, Uingereza tangu Desemba 2020, lakini foleni ya dunia ilikuwa ndefu na wewe na mimi tulikuwa mkiani. Hadi ikufikie, pendo lako kwa rafiki ulilipima kwa umbali uliokubali kumwachia.

Kama una mgonjwa au mzee ndani, hata hiyo meza ya nje iache. Agiza, lipa kwa simu, chukua mlangoni, na usisahau wahudumu.

Hapo kwenye wahudumu msinifanyie ubahili. Mtu mmoja anapokalia meza ya wawili, mwenye mgahawa anapoteza bili ya mtu wa pili, na mhudumu anapoteza bahshishi yake. Yule wangu aliniambia wenzake kadhaa hawakurudishwa kazini baada ya kufunguliwa. Mimi nikimaliza nalipa kwa simu, bahshishi namwachia ya watu wawili, na nanyanyuka. Hakuna kukaa na glasi ya maji saa nzima huku unaperuzi. Wiki iliyopita kijana mmoja alifanya hivyo meza ya jirani, simu ikiwa kwenye chaja ya mgahawa, na mama mmoja aliyekuja peke yake akasimama pale mlangoni na barakoa yake hadi akaamua kufungiwa chakula aende.