WeChat na Kujifunza Desturi za Wachina: Ushauri kwa Wanaokwenda Kusoma

Mwanafunzi anayekwenda kusoma China hulazimika kuhama kutoka WhatsApp, ambayo imezuiwa huko tangu mwaka 2017, na kuhamia WeChat, programu ya kampuni ya Tencent iliyoanza mwaka 2011 na ambayo sasa hubeba mazungumzo, malipo ya sokoni na matangazo ya chuo kwa pamoja. Nilipokuwa nikisoma Wuhan niliiona ikiwafundisha wageni mengi kuhusu desturi za wenyeji, lakini iliwafundisha wale tu waliokubali kukaa katika makundi ya Wachina wenyewe.

Kundi la Watanzania lisiachwe, kwa kuwa ndilo litakalokushika mkono katika msiba, ugonjwa na masuala ya viza. Hata hivyo, halitakuonyesha namna Wachina wanavyoheshimiana. Omba kuingizwa katika kundi la darasa au la maabara hata kama Kichina chako bado ni kichanga, maana ukibonyeza ujumbe kwa muda kidogo programu yenyewe hukutafsiria. Soma kwanza kabla ya kuandika. Utaona kwamba mwalimu huitwa kwa jina la ukoo likifuatwa na cheo chake, kwamba tangazo lake hujibiwa na mmoja baada ya mwingine kuthibitisha kuwa limefika, na kwamba ile alama ya uso unaotabasamu, ambayo sisi huituma kwa moyo mweupe, vijana wengi wa huko huiona kuwa ya ubaridi, pengine hata ya kejeli.

Usilolielewa, muulize faraghani mwenzako mmoja unayemwamini, usiulize mbele ya kundi zima. Rafiki akiweka picha za keki za mwezi, yaani zile keki za mviringo zinazoliwa wakati wa sikukuu ya katikati ya vuli, muulize nyumbani kwao huadhimishwa vipi. Kwa niliyoyashuhudia, swali la namna hiyo huzaa mwaliko wa chakula, na mezani ndipo utakapojifunza yale ambayo simu haiwezi kukupa.

Mwaka Mpya wa Kichina ukifika, bahasha nyekundu, yaani zawadi za fedha zinazotumwa ndani ya WeChat, hurushwa katika makundi. Kiasi huwa kidogo, kwani kinachotafutwa ni kuchangamkiana, basi pokea, shukuru, nawe urushe yako.

Fungua akaunti ya WeChat ukiwa bado Tanzania. Usajili mpya huweza kudai uthibitisho wa mtu anayeitumia tayari, kwa hiyo mtafute mapema mwanafunzi aliyeko huko akusaidie.