Mwanangu, usifute akaunti

Mwanangu, meseji yako ya usiku nimeiona asubuhi hii. Umeniuliza, baba tangu nichukue fomu kila nikiposti wananitukana, nifute akaunti au nivumilie tu?

Usifute. Na kuvumilia tu nako sikushauri, ila kwanza kuna kitu nikwambie japo naona aibu. Uchaguzi uliopita ilizunguka picha kwenye grupu letu la wazee, mama mmoja mgombea, wamemuunganisha yuko kitandani na mwanaume, na mimi baba yako nikacheka nikaforwadi. Wala sikuwa namchukia yule mama, hata sera zake sikuzijua! Ndo maana nakwambia wengi wao hawana hoja na wewe, mgombea mwanaume anaulizwa hela zimeenda wapi, wewe unaulizwa umelala na nani.

Na si wewe peke yako. Mwaka 2016 Umoja wa Mabunge Duniani uliwahoji wabunge wanawake 55 wa nchi 39, asilimia 44 na ushee wakasema wameshatishiwa kuuawa, kubakwa, kupigwa au kutekwa. Wabunge kabisa hao. Kule Ujerumani kulikuwa na mbunge anaitwa Renate Künast, alitukanwa Facebook matusi ambayo siwezi kumwandikia binti yangu, akaenda mahakamani Berlin, 2019 wakamwambia mwanasiasa avumilie, hakukubali, akapanda mpaka Mahakama ya Katiba na huko ikaonekana ana haki.

Kwa hiyo kila tusi piga skrinishoti kabla hawajafuta, jina la akaunti lionekane, tarehe, na linki uitunze. Matusi tunabloku. Ila anayetaja unapolala au njia unayopita, huyo ni polisi siku hiyohiyo, usisubiri kuona kama anatania. Na anayekuuliza swali la maana hata kama kwa ukali mjibu, usije ukabloku wapiga kura wako bure.

Halafu acha kuzisoma usiku peke yako. Nitazisoma mimi, najua zitaniuma, acha ziniume. Jana nimeandika kwenye lile grupu kwamba ile picha nilikosea kuisambaza, wawili wakatoka, mmoja kaniita bwege.

Paswedi usiitume kwa meseji, nipigie jioni.

Baba