Kabla hujanunua kabureta, futa kwanza kile kioo

Mkuu, simama hapo hapo. Usimpe huyo fundi hata shilingi. Umesema Hilux yako yenye injini ya 22R inatoa moshi mweusi, plagi zimejaa masizi, mafuta inayanywa kama maji tangu ufungiwe pampu ya mafuta ya umeme, na sasa unaambiwa ununue kabureta mpya, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Njia hiyo nimeipita mpaka mwisho, na mwisho wake ni injini kufunguliwa.

Yangu ni ya 1985. Pampu yake ya asili ilikufa, ile inayokaa kwenye silinda hedi. Fundi akasema hizo hazipatikani tena, akanifungia ya umeme aliyoing'oa kwenye gari la EFI, lile linalopulizia mafuta kwa msukumo mkubwa bila kabureta. Uongo mtupu, zinapatikana, baadaye nilinunua. Wiki haikuisha, moshi ukaanza. Nikamrudia, akasema kabureta imechoka. Nikatoa 350,000, ikafungwa mpya. Moshi uleule! Akakaza skrubu, akabadilisha jeti (vile vitundu vya kupitishia petroli), akasugua plagi kwa msasa, na kila nikienda namlipa.

Kinachoniuma zaidi ni oili. Nilikuwa navuta kijiti asubuhi naona oili imepanda, wakati sijaongeza. Nikamwonyesha. Akasema, "Injini yako nzima hiyo, haili oili." Kumbe ni petroli! Mafuta yakizidi, yasiyoungua yanaosha kuta za silinda, yanapenya kwenye ringi, yanashuka kuchanganyika na oili hadi inakuwa nyepesi kama chai. Angeinusa tu kile kijiti angejua. Hakunusa. Nikaendelea kubeba mzigo miezi miwili hivyo hivyo, mpaka siku napandisha mlima Kitonga na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, beringi zikaanza kugonga. Ovahoo ikanigharimu 1,800,000, na vitunguu vikaozea kwenye turubai.

Aliyenifungulia macho ni mzee mmoja fundi, Iringa. Nilimpelekea gari baada ya ovahoo, likiwa bado linatoa moshi. Hakushika bisibisi. Alichukua kitambaa, akafuta kidirisha kidogo cha kioo kilicho mbele ya kabureta, akaniambia washa. Kioo chote kikajaa petroli hadi juu, alama ya katikati imezama. Akazima, akachomoa mpira wa mafuta, akaunganisha mpira mwingine kutoka kwenye kidumu alichokining'iniza juu ya boneti, mafuta yashuke yenyewe. Tukawasha tena. Mafuta yakashuka, yakatulia kwenye alama. Dakika chache tu moshi ukakata. Nilisimama pale nikimwangalia, machozi yakinilenga. (Wewe usijaribu hilo la kidumu peke yako, petroli na injini ya moto si mchezo.)

Pampu ya asili inasukuma mafuta kwa msukumo wa kama pauni 3 au 4 (psi) tu. Hizi za EFI zinapita 30. Nido ya kwenye boya, yaani kisindano kinachofunga mafuta boya likipanda, haiwezi kuzuia msukumo huo, inasukumwa pembeni na mafuta yanafurika. Isitoshe, pampu ya asili ina mdomo wa tatu wa kurudisha mafuta kwenye tangi, na fundi wangu alikuwa ameuziba ule mpira kwa bolti! Kabureta haikuwa na kosa lolote, ilikuwa inanyweshwa kwa nguvu. Ile mpya ya 350,000 nayo ilinyweshwa vilevile.

Kwa hiyo mkuu, kioo kwanza. Usiguse skrubu, usiguse jeti, usisikilize neno kabureta hujaona mafuta yamesimama wapi injini ikiwa imewaka. Yakiwa juu ya alama, tafuta pampu, nido au boya, hata kiuchafu kidogo kwenye nido kinatosha. Yakiwa sawa kwenye alama, fungua ea klina injini ikishapata moto, uone kibati cha choki, kile kinachobana hewa injini ikiwa baridi, kimesimama wima au bado kimeziba. Na kama ea klina yenyewe imejaa vumbi, badilisha.

Leo hii hii vuta kijiti cha oili, kinuse. Kikinuka petroli, usiliendeshe tena gari, mwaga oili yote kwanza, uweke mpya. Kisha futa kioo, washa, piga picha, uitupie hapa tuione kabla huyo fundi hajarudi kazini Jumatatu.