Fangasi wa tumboni mwa njiwa, na kinyesi kilichojaa darini

SWALI: Dari la nyumba yetu hapa Tanga limejaa kinyesi cha njiwa, na kunguru hawabanduki juu ya bati. Jirani anasema ndege hawa wana fangasi matumboni. Je, wanaishi humo au wanapita tu? Mjomba wangu anayetumia ARV amehamia kwetu. Tuwategee njiwa sumu?

JIBU: Sumu hapana. Utaua njiwa, kinyesi kitabaki palepale, na kinyesi ndicho chenye kesi ya kujibu.

Wapo fangasi wanaoishi ndani ya ndege na wapo wapita njia. Kinachowachuja zaidi ni joto. Mwili wa njiwa una nyuzi joto 41 hadi 42 za Selsiasi, ambazo kwa binadamu ni homa ya kukimbizwa hospitali. Fangasi aitwaye Candida albicans analistahimili joto hilo, kwa hiyo hukaa kwenye gole, kile kifuko cha shingoni ambamo punje husubiri kabla ya kushuka kwenye firigisi. Ndege mwenye afya hasumbuliwi naye. Wanaozidiwa ni makinda, au ndege aliyepewa antibiotiki kwa muda mrefu: ukuta wa gole huvimba na kuota utando mweupe. Wafugaji wa kuku huuona pia. Kunguru, kwa kuwa anakula jalalani, humeza hamira (fangasi wa seli moja) za kila namna pamoja na matunda yaliyooza, na nyingi hutoka kama zilivyoingia.

Anayetuhusu zaidi kwa ajili ya mjomba wako ni Cryptococcus neoformans, ambaye Chester Emmons wa Marekani alimhusisha na kinyesi cha njiwa mwaka 1955. Huyu joto linapofika nyuzi 40 huelemewa, ndiyo maana njiwa hambeba kama ugonjwa. Hupatikana mdomoni, kwenye gole na miguuni, na anaweza kupita utumbo mzima akatoka hai. Neema yake inaanzia nje. Ndege hana njia mbili kama sisi. Mkojo na choo hutoka pamoja, na ule weupe unaouona ni asidi ya yuriki. Humo kuna pia kreatinini, taka yenye naitrojeni ambayo fangasi huyu anaitumia vizuri kuliko vijidudu vingi vingine. Kinyesi kibichi bado kina bakteria wengi wa kushindana naye. Kikizeeka, kikakauka kivulini bila jua wala mvua, yaani dari lenu hasa, anabaki akitamba.

Maabara humtambua kwa njia ninayoipenda sana: wanamwotesha kwenye chakula kilichotengenezwa kwa mbegu ya nigeri, zao la Ethiopia ambalo pia huuzwa kama chakula cha ndege wa kufugwa. Cryptococcus hutengeneza rangi iitwayo melanini kutokana na mbegu hiyo na kugeuka kahawia, huku Candida akibaki mweupe.

Hatari yenyewe ni vumbi. Fangasi aliyekauka ni mdogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Wengi wetu tumeshamvuta bila kuumwa, maana yumo pia kwenye udongo na miti. Kinga ikishuka sana ndipo anapopanda hadi kwenye utando wa ubongo. Kama CD4 za mjomba, yaani seli za kinga zinazohesabiwa kwenye damu, ziko chini ya 100, aulizie kliniki kipimo cha damu cha antijeni ya kriptokokasi, yaani alama za fangasi huyu kwenye damu, hata kama hajisikii vibaya. Akiumwa kichwa kisichoisha pamoja na homa, asingoje siku ya kliniki. Kama anameza dawa vizuri na CD4 zimepanda, hali yake ni tofauti kabisa.

Siku ya kusafisha, mjomba asiwepo nyumbani. Anayepanda avae glavu na barakoa ya N95, kitambaa hakitoshi. Usifagie kikavu hata kidogo. Nyunyiza maji taratibu mpaka kinyesi kilowe, kikwangue kingali na unyevu, kitie kwenye mifuko na uifunge humohumo darini. Kisha ziba matundu kwa wavu, baada ya kuhakikisha hakuna makinda yaliyobaki ndani.

Kama mnakinga maji ya mvua kutoka bati hilo, fangasi huyu si tatizo kubwa la kunywa. Bakteria kama salmonela ndio tatizo. Mwageni maji ya mvua ya kwanza, na ya kunywa yachemsheni.