Kwa wadogo zangu mnaoanza sekondari ya serikali Mwanza

Mnaotoka Burundi, Kongo au kwingineko, mambo ya uhamisho na vibali mfuatilieni kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri. Mimi nitasema ya darasani tu, maana ndiko nilikoumia.

Nilitokea Bujumbura, nimesoma kwa Kifaransa, nikaingizwa kidato cha pili upande wa Igoma. Tulikuwa sabini na kitu. Mwalimu akimaliza kueleza anauliza, "Tuko pamoja?" Darasa zima: "Ndiyooo!" Nami nikaitikia, ingawa sikuambulia kitu. Jaribio la kwanza la fizikia nikapata saba. Kwetu tulihesabu kwa ishirini, kwa hiyo saba ni mbaya lakini mtu hujafa. Hii ilikuwa saba kwa mia.

Ile "ndiyo" isiwatishe. Wengi wanaitikia kwa mazoea, halafu wanaelewana saa tisa, kwenye diskasheni. Sisi tulikaa juu ya mawe nyuma ya madarasa. Mwanza mawe hayakosekani. Vitabu na mitihani ni Kiingereza, lakini juu ya yale mawe mada ilivunjwavunjwa kwa Kiswahili mpaka ikamezeka, na utani ulikuwa wa Kisukuma. Hakuna atakayekualika. Nenda, kaa, sema unaomba kusikiliza. Siku mbili tatu watakuvumilia, baada ya hapo utapewa topiki yako uwafundishe wenzako, kwa sababu kikundi hakipendi mtu wa kudoea.

Mimi nilipewa samaki. Tulikuwa kidato cha tatu, somo la baiolojia, mwalimu kaleta sato kutoka soko la samaki la Mwaloni, kila kikundi kinachora na kuwasilisha kwenye karatasi ya manila. Nimekulia ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, nikajua leo ni zamu yangu. Nikachora vizuri kabisa, magamba, mapezi na mashavu, kisha juu nikaandika kichwa cha habari kwa herufi kubwa: POISSON. Kwa Kifaransa ni samaki. Darasa likasoma kwa Kiingereza, likaona sumu. Walicheka mpaka monita akashindwa kuwanyamazisha, na jina la Sumu nilikuwa nalo hadi namaliza kidato cha nne.

Lakini mwalimu hakuniketisha. Aliniuliza kwetu kuna samaki gani. Nikataja mukeke, ambao Kigoma wanawaita migebuka, na ndagala, yaani dagaa. Hapo ndipo akatueleza kuwa dagaa wa Tanganyika ni wa jamii ya saradini, na dagaa wa Ziwa Victoria si ndugu zao, wako karibu zaidi na ningu, samaki mwingine wa ziwa hilo. Jina moja, samaki tofauti. Swali la namna hiyo likija kwenye mtihani, kikundi chetu hakuna aliyekosa.

Kwa hiyo ukipangwa kwenye kikundi, usikubali kuwa mshika manila. Kuna mmoja anayejua Kiingereza atataka kusema yote, na wengine watamwachia kwa furaha. Omba uwasilishe hata sehemu ndogo. Mtaala mpya umezidisha kazi za namna hii. Na somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo wenye Kiswahili cha Bukavu au Uvira mjizoeze kuandika cha huku.

Kama hukuelewa, usimbishie mwalimu mbele ya watu. Piga hodi ofisini baada ya kipindi, shikamoo kwanza, daftari mkononi. Sikuwahi kufukuzwa.

Jambo jingine lililonichanganya: kwenye matokeo ya kidato cha nne pointi chache ndizo nzuri. Divisheni ya kwanza, daraja la juu kabisa, ni pointi 7 hadi 17. Mama yangu aliposikia mwenzangu kapata 24 alitaka kumpongeza kuliko mimi.

Masika mawe yanateleza na vikundi vyote hukimbilia bwaloni. Wahini meza ya dirishani. Taa za pale hazitoshi kusomea.