Kujitolea nje ya nchi: maswali ya wauguzi wa Nyanda za Juu Kusini

Nimefanya uuguzi miaka 31, mingi katika wodi za Mbeya na Rungwe, na mara mbili nimejitolea nje. Ndiyo maana barua hizi zinaletwa kwangu. Nimechagua nane.

Shikamoo sista. Nina diploma ya uuguzi na miaka mitatu kazini. Mwezi ujao nakwenda Sudan Kusini kujitolea kwa miezi sita. Nichanjwe chanjo gani? – Uyole

Marahaba. Swali zuri, ila umechelewa kuliuliza. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya mwezi wa sita. Muuguzi anayechoma sindano kila siku bila kumaliza dozi hizo yuko hatarini hapa hapa Uyole, sembuse Sudan Kusini. Kama ulishamaliza, tafuta kadi yako. Kama hukumaliza, nenda kesho asubuhi, na uulizie ratiba ya haraka kwa wanaosafiri karibuni.

Homa ya manjano ni lazima, na kadi yake inaanza kukubalika siku ya 10 baada ya sindano. Ukichomwa leo ukafika mpakani kesho, ni sawa na asiyechanjwa. Dozi moja inatosha maisha yote. Utaratibu wa kurudia kila miaka 10 ulifutwa Julai 2016, kwa hiyo akitokea mtu wa kukwambia kadi yako ya zamani imeisha muda wake, usimpe hela. Ongeza pepopunda, homa ya matumbo na homa ya uti wa mgongo, maana Sudan Kusini iko kwenye ukanda ambao ugonjwa huo huzuka wakati wa kiangazi.

Hukuuliza malaria, nami ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Sisi tuliokulia baridi ya Uyole na Makete hatuna kinga aliyonayo mtu mzima wa Kyela. Tukiteremka kwenye joto tunaugua vibaya na kwa haraka. Ukiandikiwa doksisaiklini, anza siku moja au mbili kabla ya safari, meza kila siku ukiwa huko, na uendelee wiki nne baada ya kurudi. Wengi huacha wakishafika nyumbani, kisha wanalazwa. Kama una mimba, au unadhani unayo, mwambie daktari kabla hajaandika chochote.

Tena uliza mapema dawa kinga za VVU zinakaa kabati gani na nani ana ufunguo. Ukijichoma na sindano iliyotumika una saa 72 za kuanza, na kila saa inayopita inakupunguzia kinga. Dozi ni siku 28. Usisubiri ujichome ndipo umtafute mwenye ufunguo.

Leseni yangu ya Tanzania inatosha kufanya kazi Malawi? – Mafinga

Haitoshi. Baraza letu la Uuguzi na Ukunga linathibitisha kwamba wewe ni muuguzi mwenye mwenendo mzuri, na baraza la Malawi ndilo linalokuruhusu kumgusa mgonjwa wa Malawi. Na kama umeajiriwa serikalini, kibali cha likizo kiwe cha maandishi. "Mkuu amesema sawa" ya mdomoni inaweza kukuletea barua ya utoro kazini.

Kuna wakala anataka laki nane "za kushughulikia fomu" ili nipate nafasi ya kujitolea. Nilipe? – Tunduma

Hii ni barua ya nne ya namna hii mwaka huu na jibu halijabadilika: usilipe. Programu ya Kujitolea ya Umoja wa Mataifa haitozi ada ya maombi. Médecins Sans Frontières, yaani Madaktari Wasio na Mipaka, nao hawatozi, na wanaowaajiri huwalipa. Yapo mashirika kama Mercy Ships, yenye meli za hospitali, ambako anayejitolea huchangia gharama zake za kila mwezi. Hilo hutangazwa wazi, na fedha huenda kwa shirika lenyewe. Haziingii kwenye namba ya simu ya kaka mmoja aliyeko stendi. Naomba wasomaji wangu wa Tunduma, tafadhali, msinilazimishe kulijibu tena.

Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili. Hapa hawaniruhusu kushona wala kuzalisha bila msimamizi. Nimesikia nje kwenye kambi wanakuachia ufanye. Nataka kwenda kupata uzoefu. – Iringa

Mwanangu, kaa chini nikusimulie.

Miaka ya tisini, katika hospitali moja ya huku kwetu milimani, aliletwa mama kutoka Ileje. Alikuwa amejifungua na amechanika msamba. Zamu ile alikuwepo mwanafunzi wa kigeni wa mwaka wa pili kama wewe, ambaye kwao hakuwahi kuruhusiwa kushona mtu. Mkuu wa zamu akamwambia, jaribu. Umeme ulikuwa umekatika, mimi ndiye niliyeshika tochi. Alishona saa nzima na dakika ishirini. Ganzi ilikwisha nguvu katikati. Yule mama hakupiga kelele. Aliuma pindo la kitenge chake akawa ananitazama mimi tu, kwa kuwa mle ndani mtu wa kwao nilikuwa mimi. Nikaona mshono wa tatu umekaa pasipo pake, nikanyamaza. Siku ya tano alirudishwa kwa bajaji ya miguu, yaani machela ya mabegani, mshono umefumuka na unatoa usaha.

Yule binti hakuwa mtu mbaya, alilia siku hiyo. Lakini kwao asingethubutu. Alithubutu kwetu kwa sababu mama wa Ileje hakuwa na pa kumshitaki. Leo sisi ndio tunaopanda basi kwenda kwa watu wengine, na wewe unaniandikia maneno yale yale.

Usilolifanya Iringa bila msimamizi, usilifanye popote. Maliza masomo, pata leseni, kisha umwombe mganga mkuu wa wilaya akupangie zahanati ya Makete au Chunya, ambako gari la wagonjwa linachelewa na friji ya oksitosini, dawa ya kuzuia mama asitoke damu nyingi baada ya kujifungua, inazimika umeme ukikatika. Kaa huko miaka miwili. Utashona sana, chini ya mkunga anayejua kushona.

Nikienda Kongo mashariki, si Kiswahili kinatosha? – Makambako

Kwa mgonjwa kitakufikisha mbali. Utasikia "aksanti" na "hopitali", na baada ya wiki mbili mtaelewana vizuri. Tatizo ni faili, linaloandikwa Kifaransa. TA ni shinikizo la damu, SRO ni ORS yetu, TDR ni kipimo cha haraka cha malaria. Jihadhari zaidi na namba: wao huandika mkato mahali pa nukta, kwa hiyo 1,5 ni moja na nusu. Ukiusoma mkato ule vibaya umempa mtoto dawa mara kumi. Na moja yao ya mkono ina mkia mrefu, inafanana na saba. Ukiwa na shaka, muulize aliyeandika, hata kama amelala.

Nibebe nini? – Tukuyu

Gambuti. Mwaka 2023 kwenye hema la kipindupindu Malawi, klorini ilikula mshono wa raba zangu ndani ya wiki mbili. Beba pia tochi ya kichwani, mashine ya BP ya kupampu kwa mkono, na saa ya kubandika kifuani yenye mshale wa sekunde, maana mkono unaonawa klorini kutwa hauvai saa. Dawa za kutibia wagonjwa usibebe. Huwezi kuzieleza mpakani.

Naruhusiwa kuwapiga picha wagonjwa niweke mtandaoni? – Njombe

Hapana.

Mimi ni mzazi. Binti yangu muuguzi anataka kwenda huko, na mimi silali. Nifanyeje? – Kiwira

Pole, mama mwenzangu. Usimkataze, muulize. Akiugua sana, ni nani atakayegharamia kumrudisha, na bima hiyo ipo kwenye mkataba au ni ahadi ya mdomo? Risasi zikianza, ni nani anayeamua waondoke? Asipoweza kujibu, bado hajawa tayari, na amshukuru mama yake kwa kumwonyesha. Akijibu vizuri, mwombe namba mbili za simu: yake, na ya msimamizi wake kule. Mama yangu aliziandika zangu kwenye karatasi akaifunga kwenye pindo la kanga, na usiku wa kwanza alipiga zote mbili. Msimamizi wangu alipokea, wakaongea robo saa.