Maswali ya Wasomaji: Chama cha watoa intaneti na washirika wake

SWALI: Ndugu wahariri, nina kampuni ndogo ya intaneti Nyeri. Nimeshauriwa nijiunge na KIXP, kituo ambako mitandao hubadilishana trafiki (data) moja kwa moja, kinachoendeshwa na TESPOK, chama cha watoa intaneti wa Kenya. Kila ninayemuuliza ananitajia taasisi nyingine: AFRINIC, Mamlaka ya Mawasiliano, KENET, NSRC. Nianzie wapi?
– Mtoa huduma, Nyeri

JIBU: Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, mdhibiti wa serikali, tunaamini unayo, maana unauza huduma. Kwa hiyo anzia AFRINIC. Bila namba yako mwenyewe ya AS (inayotambulisha mtandao wako kwa mitandao mingine) na anwani zako mwenyewe za IP, chama hakina cha kukuunganishia. AFRINIC, yenye makao Mauritius, ndiyo inayogawa namba hizo kwa Afrika yote. Kipande kidogo kabisa cha IPv4, anwani za mfumo wa zamani, ni /24, yaani anwani 256, na kilicho kidogo zaidi ya hapo mitandao mingi duniani haikipitishi. Omba na IPv6, za mfumo mpya, papo hapo. Utadaiwa hati za usajili wa kampuni, leseni na mpango wa mtandao. Mpango huo utaje ruta zipo wapi, wateja wangapi wako nyuma ya kila moja na unaunganika na nani. Ukiandika tu kwamba “biashara inakua”, utarudishiwa maswali.

Linalofuata ni njia ya kutoka Nyeri hadi kituo cha data Nairobi, na hapo ndipo pesa nyingi huishia. Chama hakikuletei mkonga. Unakodi uwezo kwa kampuni ambayo tayari imefika kwenye jengo hilo. Ukishafika, kuna kebo fupi ya kutoka kabati lako au la mwenye mkonga hadi swichi ya KIXP, kifaa kinachounganisha mitandao ya wanachama. Mwenye jengo huitoza kila mwezi, na malipo hayo hayamo kwenye ada ya chama. Uliza bei yake kabla hujatia saini popote.

KENET ni mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti. Kwako ni jirani wa kubadilishana naye trafiki. NSRC, iliyo Chuo Kikuu cha Oregon, hufundisha wahandisi. Mpeleke fundi wako akasome BGP, lugha ambayo ruta za mitandao hutumia kutangaziana njia, kabla ya kuagiza poti (tundu lako kwenye swichi), maana poti huanza kulipiwa hata kama hakuna anayejua kuiwasha.

SWALI: Kwa nini mdhibiti wa serikali aingie kwenye vituo vya kubadilishana trafiki, jambo la wafanyabiashara wenyewe?
– Mwanachama, Dar es Salaam

JIBU: Kwa sababu asipoingia mlangoni ataingia dirishani. KIXP ilifunguliwa Novemba 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya kupitisha trafiki ya kimataifa, ikalalamika, na mdhibiti wa wakati huo, CCK, akaagiza ifungwe. Ilirudi Februari 2002, safari hii ikiwa na leseni. Muda wote huo barua pepe kati ya watu wawili wa Nairobi ilizunguka nje ya bara na kurudi.

Kwenu Tanzania chama cha watoa intaneti, TISPA, kinaendesha kituo cha TIX, na TISPA hiyo hiyo pamoja na mdhibiti, TCRA, ndizo zilizoanzisha tzNIC ili isajili majina ya .tz. Kwa maoni yetu mpango mzuri ni huu: mdhibiti awe na kiti mezani, ufunguo wa chumba cha swichi ubaki kwa chama. Washindani hukubali kuchomeka nyaya zao mahali pamoja kwa sababu tu mahali hapo si pa mmoja wao, wala si pa anayewatoza faini.

SWALI: Tumepata mfadhili wa swichi na ruta za kituo chetu cha kubadilishana trafiki. Hati ya makubaliano iwe na nini?
– Katibu wa chama kipya, Maziwa Makuu

JIBU: Aya za “kushirikiana kwa moyo wa kuaminiana” wachieni wenye kupenda hotuba. Andikeni kwanza kifaa ni mali ya nani, tangu siku gani. Kikiwa bado mali ya mfadhili, hamtaweza kukiuza wala kukibadilisha kitakapozeeka.

Pili, nani anatajwa kama mpokeaji kwenye hati za mzigo. Msamaha wa ushuru unaombwa mzigo ukiwa bado haujaondoka, kwa jina lile lile litakalokuwa kwenye hati hizo. Msamaha ukiwa kwa jina la chama na mzigo ukaja kwa jina la mwenyekiti, boksi litakaa bandarini na gharama za ghala zitahesabika kila siku.

Tatu, maelezo ya kifaa chenyewe, neno kwa neno. Swichi zilizotumika hutoka kwenye vituo vya simu zikiwa na pawa saplai ya volti 48 za DC, ilhali chumba chenu kina 230 za AC. Vichomeko vya nyuzi, vinavyoingizwa kwenye poti ili kuunganisha mkonga, navyo ni mtego: vya SR ni vya nyuzi za multimodi na masafa ya mita mia chache, vya LR ni vya singlemodi, hadi kilomita 10. Mkonga unaoingia jengoni ni singlemodi. Ukiletewa SR, taa ya poti haitawaka, na mtalaumu swichi wiki nzima. Dai LR, na viwili vya akiba.

Halafu umeme. Swichi ya poti 48 hula wati 150 hadi 300, usiku na mchana. Hakuna mfadhili atakayewalipia bili hiyo mwaka wa tatu. Ipangieni ada ya wanachama tangu mwanzo.

SWALI: Tumeunganishwa tayari kwenye kituo cha kubadilishana trafiki, lakini trafiki ya wenzetu bado inapitia Ulaya. Tatizo ni nini?
– Fundi, Mombasa

JIBU: Piga traceroute, amri inayoonyesha njia ambayo data inapita, pande zote mbili. Ndani ya nchi muda wa kwenda na kurudi uwe milisekunde chache. Ukiona 150 na kuendelea, umekwenda Ulaya. Mara nyingi kwenda ni sawa na kurudi ndiko kuna kasoro: mwenzako haoni njia zako.

Kagua ROA yako AFRINIC, yaani hati inayosema AS ipi inaruhusiwa kutangaza anwani zako na kwa vipande vya ukubwa gani. Ukiwa na /22 (sawa na /24 nne) na ROA inayoruhusu hadi /22 tu, kisha ukatangaza /24 nne, ruta seva (mashine ya kituo inayowapa wanachama njia za wenzao) inayokagua RPKI, mfumo wa hati hizo za ROA, itazitupa zote bila kukuarifu. Mtoa huduma wako wa nje asiyekagua atazipitisha, kwa hiyo mtandao unaonekana mzima. Ama tangaza /22 yenyewe, ama sajili ROA ya kila /24 unayoitangaza.

Pia, baadhi ya mitandao mikubwa haijiungi na ruta seva. Lazima muwaandikie moja kwa moja wakubali kikao cha BGP. Hapo chama husaidia kwa kuwajua watu. Jukwaa la AfPIF, mkutano wa Afrika wa wanaobadilishana trafiki, lililoanza Nairobi mwaka 2010 kwa msaada wa shirika la ISOC (Internet Society), lipo kwa kazi hiyo: nenda na namba yako ya AS na grafu ya trafiki mkononi.